Menyu Kurasa Nane, Jiko Moja la Mkaa

Leo nataka tuongee chakula cha baa. Najua humu kuna watu hawanywi, na kuna akina dada ambao baa hawajawahi kukanyaga na hawana mpango huo. Msiondoke. Kuna hela inazunguka kwenye sahani za baa kila wikendi, na sehemu ya hiyo hela inaweza kuwa yako hata kama unapikia nyumbani na kuuza kwa simu. Nitafika huko, naomba mnivumilie kidogo.

Niseme kwanza naongea nikiwa wapi. Nina duka la vifungashio na viungo hapa Bagamoyo. Boksi za chips, foili, vijiti vya mishkaki, vijiti vya meno, tomato sosi, pilipili ya chupa, chumvi, kitunguu saumu cha kusaga. Wateja wangu wakubwa ni majiko ya baa na grosari (grosari zetu, zile za bia, siyo za mboga), kuanzia hapa mjini mpaka Kiromo na Zinga, na wachache wa Kerege na Mapinga wanaoagiza kwa WhatsApp nawatumia mzigo kwa boda au kwa daladala. Hoteli sijasomea, nimeishia kidato cha nne. Lakini muuza foili anajua siri nyingi. Menyu inaweza kuandika chochote, oda ya vifungashio haidanganyi. Jiko linalochukua vijiti vya mishkaki pakiti kumi kila Alhamisi, linauza mishkaki. Jiko ambalo menyu yake ina piza aina sita na halijawahi kuniulizia boksi la piza hata siku moja, mimi najua. Na mteja naye anakuja kujua akishakaa.

Unajua inavyokuwa. Mtu katoka Dar Jumamosi na familia au na washkaji, kilomita kama 70 mpaka hapa, foleni ya Tegeta na Bunju imeshamchosha. Anakaa, anapewa kitabu. Ndiyo, kitabu, kimewekewa plastiki, picha zimetolewa mtandaoni, kamba wakubwa kama mkono wa mtoto, pembeni kuna jani fulani la kijani ambalo soko zima la Bagamoyo hulikuti likiuzwa. Anachagua kamba. "Kamba leo hawapo." Haya, kuku wa kienyeji. "Ameisha kaka, yupo wa kisasa." Samaki wa kupaka? "Ngoja nikaulize jikoni." Dada anaenda, dakika kumi zinapita, anarudi: "Samaki yupo, ila wa kukaanga." Mwisho wa yote mtu anakula chips mayai ambayo angeipata palepale Tegeta bila kumaliza mafuta ya gari.

Kitu ambacho wenye baa hawakioni ni kwamba huyu mtu hakukasirika kwa sababu kamba hawapo. Mtu wa pwani anajua bahari haipangiwi. Amekasirika kwa sababu amesomeshwa kurasa nane za vitu visivyokuwepo, tena ana njaa.

Nimeuliza watu wengi kuhusu hili. Wateja wa dukani, vijana wa boda wanaobeba wageni, washkaji wangu wa Dar wanaokuja kuangalia mpira na kula upepo. Wanauliza mambo yaleyale manne: kuna nini, bei gani, kinachukua muda gani, na kitakuwa kingi kiasi gani. Hakuna hata mmoja aliyeniambia shida yake ni menyu kuwa fupi.

Sasa kwa nini inakuwa hivi? Wengi wanasema ni uvivu wa wahudumu. Mimi sikubali. Yule dada anayekimbia kuuliza jikoni analaumiwa bure. Sababu iko kwenye mpango wenyewe wa biashara. Baa nyingi za kwetu, kaunta ni ya mtu mmoja na jiko ni la mtu mwingine. Mwenye baa ana leseni ya vileo, anauza bia na soda. Jiko amempangisha mtu, anachukua kodi kwa siku au kwa mwezi. Na hilo jiko nalo mara nyingi limegawanyika: mchoma nyama ana kona yake, kijana wa chips ana kabati lake la vioo, mama wa supu anakuja alfajiri na saa tano ameshaondoka. Wahudumu wanalipwa na kaunta. Menyu aliichapisha mwenye baa siku ya ufunguzi, pengine mpishi wa wakati ule ameondoka na baada yake wamepita watatu. Kwa hiyo kile kitabu hakina mwenyewe. Aliyekiandika hapiki, anayepika hakukiandika, anayekigawa haulizwi.

Kuna jambo lingine hapo. Nyama ikichelewa, kaunta haiumii. Mtu akisubiri anaongeza bia ya pili, ya tatu. Wapo wenye baa wanaoliona hilo kama faida, na kwa mnywaji wa jioni pengine ni kweli. Ila yule aliyekuja na mke na watoto, anakunywa soda moja moja, akisubiri saa nzima hana cha kuongeza. Anaondoka na harudi. Anayeumia ni wa jikoni, maana kodi yake iko palepale auze asiuze, mkaa ameshauwasha, viazi ameshamenya.

Kuna dada alikuwa mteja wangu, jiko lake lilikuwa kwenye baa moja huku barabarani, jina tuliache. Kuku wa kupaka wa yule dada, wa nazi nzito, mtu unalamba mpaka kiganja. Lakini kwenye menyu ya ile baa kuku wa kupaka hayupo. Kulikuwa na baga, kulikuwa na tambi za kila aina. Akamwomba bosi aongeze karatasi moja tu ya vyakula vyake. Akajibiwa menyu imechapishwa Dar kwa gharama, haiguswi. Basi wateja wakawa wanaagiza baga, yeye hana, wanamwona mbabaishaji. Kuku wake wakawa wanalala. Baada ya miezi michache akafunga, na kodi anadaiwa. Leo anauza kuku huyohuyo kwenye stetasi yake ya WhatsApp, oda za Ijumaa na Jumamosi, na saa moja usiku wameshaisha. Mpishi yuleyule, chungu kilekile.

Hiyo ndiyo sababu nimeileta mada hii kwenye ukurasa wa wauzaji wa mtandaoni. Stetasi yako ni menyu. Tena ni menyu bora kuliko kile kitabu, kwa sababu unaiandika wewe unayepika, unaiandika leo, na kesho inafutika yenyewe.

Wazungu wenyewe waliokuja na neno "pab" walishagundua hili. London kuna baa inaitwa The Eagle, ilianza 1991 na vijana wawili, jiko dogo la wazi pembeni ya kaunta, vyakula vimeandikwa kwa chaki ubaoni. Kikiisha, kinafutwa. Watu wanaofuatilia mambo ya baa za Uingereza wanaihesabu kama baa iliyobadilisha chakula cha baa nchini kwao, mpaka wakatunga jina jipya la baa za aina hiyo. Haikuanza na kitabu. Ilianza na ubao na chaki, vitu ambavyo hapa Bagamoyo unavipata kwa bei ya nyama kilo moja.

Na huku kwetu ubao una sababu kubwa zaidi, sababu yenyewe ni bahari.

Pweza anapatikana kwa wingi wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpya au ukiwa mpevu, maji yanakauka mbali na watu wanatembea mwambani kumtafuta. Maji yakiwa mafu, pweza anaadimika na bei inapanda. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikiwaka wanapungua. Kusi ikikaza, Juni na Julai hivi, vyombo vidogo vinashindwa kutoka na ukienda mnadani asubuhi unakuta akina mama wamesimama wengi kuliko samaki. Haya wote tunayajua, mtoto wa hapa anayajua kabla hajaanza shule. Sasa niambie, menyu iliyochapishwa na plastiki juu, bei ya pweza ileile Januari mpaka Desemba, inawezekanaje? Ama huyo pweza amelala kwenye friza wiki kadhaa, ama kuna siku unauza kwa hasara na hujui.

Dawa yake ni nyepesi. Andika "samaki wa leo" na uache nafasi. Asubuhi ukitoka mnadani unajaza: leo changu na tasi, sahani bei fulani. Ukiwa unauza mtandaoni, piga picha ya yule samaki kabla hujamgusa, bado ana mchanga mgongoni, na uandike wako wangapi. "Wapo 12." Hiyo namba inavuta watu kuliko picha iliyopakwa rangi. Wakifika saba unaandika wamebaki watano. Mtu anaamini kwa sababu anaona kitu kinapungua.

Picha, kwa njia, piga saa nne asubuhi karibu na dirisha, sahani iwe ileile unayouzia. Pembeni weka chupa ya soda ya kioo. Chupa ya soda Watanzania wote tunajua ukubwa wake, kwa hiyo hakuna atakayekuja kusema "kwenye picha alikuwa mkubwa".

Hapo tunaingia kwenye kilo, na kwenye kilo ndipo ugomvi unapozaliwa.

Mteja anaagiza kilo ya mbuzi choma. Inakuja sahani, anaiangalia, anasema hii siyo kilo. Mchoma nyama anaapa kwa mama yake mzazi. Mara nyingi wote wawili wanasema kweli. Kilo ilipimwa ikiwa mbichi. Motoni nyama inapoteza maji na mafuta, kilo inaweza kutoka robo tatu au chini ya hapo, na mfupa umo humohumo. Mteja yeye kichwani mwake anasubiri kilo ya nyama iliyoiva. Hakuna aliyemwambia. Sawa, wapo wachomaji wanaotumia mwanya huu kuiba, tusifichane. Ila hata asiyeiba anaonekana mwizi.

Andika maneno mawili tu kwenye ubao: "kilo mbichi". Pima mbele ya mteja, mwache achague kipande chake mwenyewe, kiwekewe alama. Mizani iwe imehakikiwa na Wakala wa Vipimo, ile stika igeuze upande wa mteja aione. Kuna mchomaji mmoja mjini hapa ameweka mizani mbele kabisa, karibu na viti, na wengine wanamcheka kwamba anajitangaza. Acha wacheke. Foili anachukua mara mbili ya hao wanaomcheka.

Wewe wa nyumbani achana na kilo kabisa. Uza kwa sahani, lakini hesabu ya sahani ianzie kwenye nyama iliyoiva, isianzie buchani. Tuseme kilo umenunua 12,000. Ikiiva unapata sahani tatu za gramu 250. Ukisema sahani 5,000, umepata 15,000, na 3,000 inayobaki igawane mkaa, ndizi, kachumbari, ndimu, boksi na vocha yako. Hapo hujafanya biashara, umewapikia watu bure na kijasho juu. Ukipandisha mpaka 6,500 unapata 19,500, angalau unapumua. Bei za kwako zitakuwa tofauti, mimi natoa mfano, ila njia ya kuhesabu ni hiyohiyo. Wengi tunagawanya kilo mbichi kwa nne na kujiona tuna sahani nne. Ya nne iliondoka na moshi.

Na robo usiidharau. Siku hizi watu wanataka vidogo vidogo. Mwanafunzi wa TaSUBa hana hela ya nusu kilo, ana hela ya mishkaki mitatu na ndizi moja. Fundi anayetoka saiti anataka supu na chapati mbili aondoke. Washkaji wanne wanapenda sinia moja la kuchangia, kuku kidogo, mishkaki kidogo, chips, ndizi mzuzu, kachumbari katikati. Siku ya mechi ya Simba na Yanga hakuna anayetaka kushika kisu na uma, anataka kitu cha mkono mmoja huku macho yako kwenye TV. Jiko lililojipanga linaandaa mishkaki mapema na linafuta makange na mchemsho ubaoni kuanzia saa kumi jioni. Jiko ambalo halijajipanga linapokea oda ya kuku mchemsho dakika ya 60 ya mchezo, na linakubali.

Bei iandikwe. Hii sitaki kuizungumza sana maana inaniudhi. Kuna baa bei hazipo kabisa, unaambiwa kwa kuangaliwa viatu. Kuna hoteli za ufukweni zilikuwa zinaandika kwa dola kwa wageni, hiyo sasa ni kosa, kanuni zilizotoka Machi 2025 zimekataza kutangaza bei kwa fedha za kigeni hapa nchini. Na ninyi wa mtandaoni mnaoandika "bei njoo inboksi" kwenye sahani ya chips kuku, mnamficha nani? Mteja mwenye njaa haji inboksi. Anaenda kwa aliyeandika bei.

Muda nao uandikwe. Mbuzi kwenye mkaa akichomwa vizuri ni dakika 40 mpaka saa nzima. "Dakika kumi bosi" ni uongo ambao kila mtu anaujua na bado tunausema. Mimi nikiwa mteja, ukiniambia saa nzima nakubali, naenda zangu kutembea ufukweni au Mji Mkongwe, narudi. Ukiniambia dakika kumi, nakaa nahesabu. Hapa ndipo simu inaizidi baa nguvu: mtu anayetoka Dar anaweza kuweka oda akiwa kwenye foleni Bunju, akalipa nusu kwa lipa namba, akifika Bagamoyo nyama inatoka motoni. Kuna majiko mawili matatu hapa yameanza hivyo na wateja wao wa Dar hawaendi tena kwingine. Stetasi yao ya oda wanairusha Ijumaa mchana, watu wakiwa bado ofisini wanapanga wikendi. Siyo Jumamosi saa nane, saa nane mtu ameshafika na ameshakaa kwa jirani yako.

Kuna jambo wengi wanaogopa kuliandika, mimi nitaliandika. Bagamoyo ni mji wa Waislamu wengi, na hapohapo misheni ya Wakatoliki ipo tangu 1868. Tumeishi pamoja siku zote na tutaendelea. Baa zinauza kitimoto, na wanaokula wanakula. Shida inakuja mchomaji anapogeuza mishkaki ya ng'ombe kwa koleo lilelile. Mteja anayejali jambo hili hatagombana na wewe. Ataacha kimyakimya, na atawaambia nyumba kumi. Jiko la kitimoto likae mbali, na liwe na kisu chake, ubao wake, koleo lake, mafuta yake, mtu wake kama inawezekana. Halafu andika hivyo waziwazi kwenye menyu. Ukishindwa kutenganisha, chagua kimoja uuze hicho. Na nyie mnaopika nyumbani, kama kwako kitimoto hakiingii, sema. Hilo peke yake linakupa wateja ambao baa haiwezi kuwapata: watu wanaopenda nyama choma ya mkaa na pilipili kali lakini hawataki kukaa kwenye meza yenye chupa za bia. Ni wengi. Mimi naona boda wanavyopita dukani kwangu jioni wamebeba foili za kupeleka majumbani.

Mwezi wa Ramadhani vilevile, tumia akili. Usirushe picha ya mishkaki inachuruzika mafuta saa saba mchana. Rusha jioni, au geuza menyu kabisa: tambi, kaimati, uji wa pilipili manga, maharage ya nazi. Majiko ya baa mwezi huo yanalala. Aliyebadilika na futari halali.

Turudi kwa dada wa kuku wa kupaka, maana hapo kwake ndipo kuna fursa ninayotaka muione. Barabara yote kuanzia Mapinga kuja huku imejaa grosari ndogo, friji mbili, viti vya plastiki, TV, basi. Nyingi hazina jiko kabisa. Mteja akiwa na njaa anaondoka, au anamtuma mhudumu chips mbali huko, zinakuja zimepoa. Mwenye grosari anapoteza mnywaji kwa sababu ya njaa tu. Wewe uko mtaa wa pili na chungu cha moto. Kwa nini usiwe jiko lake bila kuhamia kwake? Karatasi moja ukutani, vyakula vitano, visizidi, bei, muda, namba yako. Mhudumu anapiga simu, wewe unapeleka au kijana wako anapeleka. Hulipi kodi ya jiko. Mnakubaliana tu mhudumu apate kitu kidogo kwa kila oda, maana ndiye anayeuza, na asipopata kitu atasahau karatasi yako ipo.

Ila kubalianeni mapema na mwenye grosari, hata kama ni rafiki yako au shemeji yako. Hela ya chakula iingie kwenye lipa namba yako, isipite kaunta. Nimeona watu wakizungushwa, "jana mauzo yalikuwa mabaya, njoo Jumatatu", na kuku wamekwishaliwa. Karatasi ya ukutani uwe na haki ya kuibadilisha wewe, siku yoyote, bila kuomba ruhusa. Na cheti cha kupima afya uwe nacho, bwana afya akipita asikukute unajieleza kwenye duka la mwenzio.

Vifungashio sasa, hapa niruhusuni niongee kama muuzaji. Mifuko ile ya rambo imekatazwa tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini bado nakutana na watu wanatafuta "ile ya zamani ya kubebea". Sina na sitakuwa nayo. Chips zikae kwenye boksi lenye tundu, ukizifunga zikiwa moto bila tundu zinalowa kwa mvuke na mteja anasema ulimpa za jana. Kachumbari isikae juu ya nyama, ipate kijifuko chake. Pilipili pembeni, siku zote pembeni. Supu ya pweza usiipeleke kwenye kikombe cha plastiki laini, kinanywea kwa joto. Nunua makopo magumu yenye kifuniko, au mwambie mteja aje na chombo chake umpunguzie bei kidogo, wengi wanapenda.

Nimeshaanza kupita kwenye grosari za Kiromo na Zinga kuandika zipi hazina jiko na zipi zingekubali karatasi ukutani. Mpaka sasa nina chache zilizokubali, na mbili zinataka kuonjeshwa kwanza, jambo ambalo ni haki yao. Nikipata ruhusa za wenyewe nitaiweka orodha hapa. Wa Kerege na Mapinga, andikeni za kwenu chini hapa, mtaje eneo, saa wanazofungua, na kama kuna mtu tayari anawapelekea chakula, ili tusiende kumwagia mwenzetu mchanga kwenye chungu chake.